RAM Mbili za GB 8 Hushinda Moja ya GB 16

Ukipita Luthuli Avenue jijini Nairobi au Kariakoo jijini Dar es Salaam ukitafuta kompyuta ya mezani ya kuchezea gemu kwa bei nafuu, utatajiwa yale yale kila duka: Core i7, RAM GB 16, SSD. Mnunuzi anaridhika, analipa, anafika nyumbani anawasha GTA V na picha inakatakata. Sifa alizotajiwa ni za kweli, ila hakuna aliyemtajia kasi ya data kusafiri kati ya kumbukumbu na sehemu inayochora picha. Gemu huishi au hufa hapo.

Jina "i7" peke yake halisemi kitu. Core i7-2600 ilitoka mwaka 2011. Core i3-12100 ilitoka 2022. Zote zina viini (cores) vinne, lakini hiyo i3 inaiacha mbali sana i7 ile ya zamani. Kwa hiyo uliza namba nzima ya prosesa, si herufi na tarakimu ya mwanzo tu.

Sasa tupige hesabu. Skrini ya kawaida ya 1080p ina pikseli 1920 kwa 1080, yaani 2,073,600. Ili mwendo uonekane laini, picha nzima huchorwa upya mara 60 kila sekunde, sawa na pikseli zaidi ya milioni 124 kwa sekunde, na nyingi kati ya hizo hukokotolewa zaidi ya mara moja kwa ajili ya kivuli, moshi na mwanga. Kila picha ina milisekunde zisizofika 17 tu za kukamilika. Rangi, maumbo na ngozi za vitu vyote hivyo hutolewa kwenye kumbukumbu. Mchoraji anayengoja data ni mpishi hodari anayeletewa mboga moja moja kutoka sokoni: ufundi anao, chakula hakiivi.

RAM moja ya DDR4-3200 hupitisha GB 25.6 kwa sekunde. Ukiweka mbili zinazolingana, prosesa huzitumia kwa pamoja na njia inakuwa ya GB 51.2. Kwa kuandika barua hutaona tofauti. Lakini kwa prosesa kama Ryzen 5 5600G, ambayo imebeba grafiksi ndani yake na haina kumbukumbu ya picha ya kwake, tofauti hiyo mara nyingi ndiyo inayoamua kama gemu itachezeka. Ndiyo maana, kwa mwenye bajeti ndogo, nasisitiza jambo hili kuliko jingine lolote: nunua GB 8 mbili, usinunue moja ya GB 16. Kwenye ubao wenye nafasi nne, kwa kawaida hupachikwa ya pili na ya nne kuanzia upande wa prosesa. Zikikaa mahali pasipofaa, zinaweza kufanya kazi kama moja.

Kanuni hiyo hiyo ya kasi ya kumbukumbu inafichua mtego mmoja unaoniuma, kwa sababu humkamata mtu aliyejinyima ili anunue. Kadi ya grafiksi ya GT 1030 ipo ya aina mbili kwa jina lile lile. Yenye kumbukumbu ya GDDR5 hupitisha GB 48 kwa sekunde. Yenye DDR4 haifiki hata 17. Maduka mengi huandika "GT 1030 2GB" na kuishia hapo. Soma maandishi madogo ya kwenye boksi. Ukimudu GTX 1650 ya GDDR5, hiyo ina GB 128 kwa sekunde, na Valorant au gemu za mpira za miaka ya karibuni zitakwenda vizuri.

Wengi wetu hununua kompyuta za ofisi zilizotumika Ulaya, kama OptiPlex au EliteDesk. Ni mashine imara, lakini pima kabla ya kuiongezea kadi. Kasha lake jembamba linataka kadi fupi, na pawasaplai yake mara nyingi ni ndogo na ya plagi za kipekee, kwa hiyo tafuta kadi inayoridhika na wati 75 za kwenye sloti, bila waya wa ziada. RX 6400 inaenea na inakula wati 53 tu, ila hutumia njia nne pekee za PCIe, muunganisho wa kadi na ubao. Kwenye ubao wa PCIe 3.0 njia hizo zina nusu ya kasi, na gemu nzito zitalalamika. Kumbuka pia kwamba Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha nane au zaidi, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma Oktoba 2025.

SSD weka, gemu zitafunguka haraka, ingawa idadi ya picha kwa sekunde haitaongezeka. Pawasaplai usinunue isiyo na jina, hasa mahali ambapo umeme hupanda na kushuka.

Kabla ya kulipa, omba kompyuta iwashwe mbele yako. Fungua Task Manager, upande wa kumbukumbu: itaonyesha sloti ngapi zimetumika na kasi yake. Ikisoma 2400 na wewe umeuziwa RAM ya 3200, mwambie fundi aingie BIOS awashe XMP, mpangilio unaoipa RAM kasi yake kamili, hapo hapo, kisha usome tena.