Mwanao ni mfupi? Kikapu cha vyuo bado kina nafasi yake

Msimu wa 2008/09, timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Connecticut nchini Marekani ilikuwa na Mtanzania ambaye jina lake lilijulikana mpaka kwa wasiofuatilia mchezo huo: Hasheem Thabeet, kijana wa sentimita 221. Timu ilifika nusu fainali ya taifa, na miezi michache baadaye Thabeet akachaguliwa wa pili katika drafti ya NBA. Tangu hapo, ukitaja kikapu na Marekani kwa pamoja, watu huinua macho kumtafuta mtoto mrefu kuliko wote mtaani.

Wachache wanakumbuka kwamba katika kikosi hichohicho alikuwapo mvulana wa mwaka wa kwanza kutoka Bronx, New York, aliyemfikia Thabeet begani. Ni Kemba Walker, kama sentimita 183. Mwaka 2011, Thabeet akiwa ameshaondoka, Walker aliiongoza timu hiyo kushinda mechi 11 mfululizo: tano ndani ya siku tano katika mashindano ya kanda, kisha sita za ubingwa wa taifa. Kombe likaenda Connecticut.

Sentimita 183 mtaani kwetu ni mrefu. Katika kikapu cha vyuo vya Marekani ni mfupi. Na wapo walioingia huko wakiwa wafupi zaidi ya hapo, wengine wafupi kuliko mama zao wengi wanaosoma ukurasa huu.

Swali hili si la mashabiki tu. Mzazi mwenye mtoto wa miaka 13 anayependa mpira kuliko chakula, lakini amesimama wa pili kutoka mwisho kwenye mstari wa darasa, analazimika kuamua: amwache aendelee na mazoezi ya kila jioni, au amwambie mapema kwamba mchezo huo una wenyewe?

Mvulana wa sentimita 160

Mfano unaotajwa zaidi ni wa Tyrone Bogues, maarufu kama Muggsy. Alizaliwa Baltimore mwaka 1965 na urefu wake uliishia futi 5 na inchi 3, yaani sentimita 160. Shule yake ya sekondari, Dunbar, ilikuwa na timu iliyotisha nchi nzima, na yeye ndiye aliyekuwa gadi wake, yule anayeleta mpira mbele na kuchezesha wenzake. Walipokwenda kucheza ugenini, mashabiki waliangua kicheko alipotambulishwa. Mechi zilipoisha hawakuwa wakicheka.

Mwaka 1983 akajiunga na Chuo Kikuu cha Wake Forest. Hapa ndipo wanaosimulia habari zake kwa haraka huruka kipande muhimu. Mwaka wa kwanza Bogues karibu hakucheza: alifunga wastani wa pointi 1.2 kwa mechi. Ni mwaka mzima wa kukaa benchi, mbali na nyumbani, huku watu wakisema tulijua tu. Mwaka wa pili akaanza kupangwa. Mwaka wa nne wastani wake ulikuwa pointi 14.8 na asisti 9.5, na aliondoka akiwa anaongoza kanda yake yote, tangu ianzishwe, kwa asisti na kwa kupokonya mipira. Mwaka 1987 Washington ikamchukua wa 12 katika drafti, ikampanga na Manute Bol kutoka Sudan, mwenye sentimita 231. Picha ya wawili hao wakiwa wamesimama pamoja imezunguka dunia nzima. Bogues alidumu NBA misimu 14.

Earl Boykins alikuwa na sentimita 165. Inasimuliwa kwamba alipokuwa mdogo, baba yake alimwingiza ukumbini ndani ya begi la mazoezi, na kwa kuwa mpira wa kikapu ulimzidi mikono, alijifunza kudunda kwa mpira wa tenisi. Vyuo vikubwa havikumtaka, akaenda Eastern Michigan, chuo ambacho hata Wamarekani wengi hawafuatilii michezo yake. Mwaka 1996 chuo hicho kikaitoa Duke katika raundi ya kwanza ya mashindano ya taifa. Duke katika kikapu ni kama Simba au Yanga, tena wakiwa kwenye msimu mzuri au mbaya, jina ni lilelile. Boykins hakuchaguliwa kwenye drafti lakini aliingia NBA na kukaa miaka mingi.

Karibu zaidi na leo kuna Markquis Nowell, mtoto wa Harlem, mwenye urefu unaoandikwa kuwa sentimita 173. Machi 2023 chuo chake, Kansas State, kilicheza na Michigan State katika ukumbi wa Madison Square Garden, mjini kwao New York. Kipindi cha pili aliteguka kifundo cha mguu, akatoka akichechemea, akarudi. Alimaliza na pointi 20 na asisti 19, idadi ya asisti ambayo hakuna mchezaji mwingine aliyewahi kuifikia katika mechi moja ya mashindano hayo. Timu yake ilishinda 98 kwa 93 baada ya muda wa nyongeza.

Kwa wenye mabinti, mfano uko wazi vilevile. Shannon Bobbitt, sentimita 157, alianzia chuo kidogo cha miaka miwili, kisha akahamia Tennessee na kutwaa ubingwa wa taifa mwaka 2007 na 2008. Dawn Staley, sentimita 168, aliifikisha Virginia hatua ya timu nne bora mara tatu. Leo ni kocha wa South Carolina, na ameipa ubingwa mwaka 2017, 2022 na 2024.

Kwa nini makocha wanasita

Majina hayo yasimdanganye mzazi. Yanakumbukwa kwa sababu ni machache, na kwa kila Bogues kuna vijana wengi wafupi wenye kipaji ambao hakuna kocha aliyewapigia simu.

Sababu ya makocha si dharau peke yake. Timu inaposhambulia, gadi mfupi anaweza kuwasumbua wote. Shida inakuja wakati wa kulinda. Wapinzani hucheza makusudi ili mchezaji wao mrefu aishie kukabiliwa na yule mfupi, kisha wanampa mpira karibu na kikapu. Wakifanikiwa mara tatu, kocha anaangalia benchi. Kwa hiyo kocha anapomtazama kijana wa sentimita 170 hajiulizi kama anajua kufunga. Anajiuliza atamficha wapi wakati wa kulinda.

Kuna jambo jingine la miaka ya karibuni. Tangu 2021 mchezaji wa chuo anaweza kuhamia chuo kingine bila kulazimika kukaa nje mwaka mzima kama zamani. Makocha wengi sasa wanaona ni salama kumchukua kijana wa miaka 22 aliyekwishajaribiwa kuliko kumsubiri wa miaka 18 akomae. Anayeumia zaidi ni yule ambaye tangu mwanzo alikuwa na alama ya kuuliza, na ufupi ni alama ya kuuliza.

(Vipimo vyenyewe navyo vina chumvi. Vyuo huandika urefu wa wachezaji na viatu, na mara nyingine na matumaini. NBA ililazimika mwaka 2019 kuzitaka timu zipime wachezaji bila viatu, na mastaa kadhaa wakapungua inchi usiku mmoja.)

Kinachowaweka uwanjani

Ukiwatazama wafupi waliofanikiwa chuoni, wanafanana kwa mambo ambayo mtoto anaweza kuanza kujifunza hata kwenye uwanja wa saruji usio na nyavu.

La kwanza ni mpira wenyewe. Mpira unaodundwa chini, karibu na goti, ni mgumu kupokonywa, na mtu mfupi anaudunda chini bila kujikunja. Lakini lazima aweze kwa mikono yote miwili, kichwa kikiwa juu, maana gadi asiyeona wenzake hana kazi.

La pili ni kupokonya. Anayeongoza katika historia ya ligi ya juu ya vyuo vya wanaume kwa mipira aliyoipokonya ni Jacob Gilyard wa Richmond, mwenye sentimita 175, aliyefikisha 466. Mrefu akishusha mpira kiunoni, ameuleta mlangoni kwa mtu wa aina hiyo.

La tatu ni kutupa kutoka mbali. Mstari wa pointi tatu ulianza kutumika vyuoni kote msimu wa 1986/87, na tangu hapo mfupi anayelenga vizuri halazimiki kwenda kugombana na majitu chini ya kikapu. Chris Clemons wa Campbell, naye sentimita 175, alifunga jumla ya pointi 3,225 kati ya 2015 na 2019. Wakati anamaliza, ni wanaume wawili tu waliowahi kumzidi katika ligi hiyo.

Hapa kuna kisa cha Stephen Curry ambacho kinawahusu wazazi moja kwa moja. Curry leo ana kama sentimita 188, hivyo si mfano wa mtu mfupi kabisa, lakini katikati ya sekondari alikuwa mdogo wa mwili na alitupa mpira kuanzia usawa wa kiuno kwa sababu hakuwa na nguvu. Baba yake, Dell, aliyekuwa amecheza NBA, aliona kwamba chuoni mtupo ule ungezuiwa kila mara. Likizo moja akamfundisha upya kuutoa mpira juu ya kichwa. Curry amesimulia mara nyingi kwamba ilikuwa likizo mbaya kuliko zote. Kwa wiki kadhaa hakuweza kufunga hata kutoka karibu, na kulikuwa na machozi. Dell angeweza kumwachia mwanawe aendelee kung'ara shuleni kwa mtupo wa zamani. Vyuo vikubwa bado havikumtaka; Davidson, chuo kidogo, kikamchukua, na mwaka 2008 wakafika hatua ya timu nane bora nchini.

Dawa za kurefusha

Mitandaoni kuna vidonge na unga wa kuongeza urefu. Mzazi aziache fedha zake. Mifupa hurefuka kwenye sehemu laini karibu na ncha zake, na sehemu hizo zikishafunga baada ya balehe, hakuna kidonge wala kuning'inia kwenye bomba kutakakozifungua. Kabla ya hapo kinachosaidia ni chakula cha kutosha, usingizi na kutibu magonjwa. Wavulana wengine hubalehe kwa kuchelewa na huendelea kurefuka wenzao wakiwa wameshasimama, kwa hiyo kumkatia mtoto tamaa akiwa na miaka 13 ni mapema mno. Ila kama amekaa mwaka mzima bila kuongezeka kabisa, hiyo ni habari ya kupeleka kwa daktari, si kwa kocha.

Chuo gani, na kwa masharti gani

Ligi ya juu ya vyuo, inayosimamiwa na NCAA, ina vyuo zaidi ya 350, na nyingi ya timu hizo hazionekani kwenye televisheni. Boykins na Clemons walikwenda kwenye vyuo vya namna hiyo, wakacheza dakika nyingi tangu mapema. Mzazi anayesikia jina kubwa na kupoteza usingizi afikirie mwaka ule wa kwanza wa Bogues.

Maswali ya kumuuliza kocha ni ya kawaida kabisa. Magadi wangapi wako mbele ya mtoto huyu? Ufadhili ni wa mwaka mmoja unaohuishwa, au wa miaka yote ya masomo? Akiumia, nani analipa ada? Yapo pia madaraja ambayo hayatoi ufadhili wa michezo hata kidogo, kama daraja la tatu la NCAA, na mtu anayeahidi ufadhili wa kikapu huko anaongopa au hajui anachosema.

Kisha kuna darasa. Ili kucheza ligi ya juu mtoto anatakiwa awe na masomo ya msingi 16 yaliyohesabiwa katika miaka yake ya sekondari, na wastani wa alama usiopungua 2.3 kwa kipimo cha Kimarekani. Matokeo mabovu ya miaka ya mwanzo hayafutwi na pointi 30 za mwaka wa mwisho. Na hesabu za NCAA yenyewe zinaonyesha kwamba katika kila wachezaji 100 wa vyuo, anayefika NBA ni kama mmoja. Nowell, pamoja na rekodi yake, hakuchaguliwa kwenye drafti ya 2023. Wale 99 wanabaki na cheti chao, kama walikitafuta.

Walker alimaliza shahada yake ya sosholojia ndani ya miaka mitatu, kabla hajaondoka kwenda NBA. Curry aliondoka Davidson mwaka 2009 bila kumaliza, huku akimwahidi mama yake kwamba atarudi. Chuo hicho kina utaratibu wake: hakitundiki jezi ya mchezaji ambaye hajahitimu, hata awe nani. Curry alimaliza masomo Mei 2022, akiwa tayari na mataji ya NBA na watoto watatu. Jezi yake ikatundikwa Agosti mwaka huohuo.