Mahindi Mabichi, na Yale ya Kuweka

Mahindi mabichi yachemshe au yachome siku ile ile yanapovunjwa, maana utamu wake hupungua upesi. Ya kuweka yaache shambani yakomae, kisha yaanike juu ya turubai, si juu ya udongo.

Mahindi yenye unyevu huota ukungu, nao huleta sumukuvu iharibuyo ini. Kuyapika hakuondoi sumu hiyo. Mwaka 2016 iliua watu 20 mikoa ya kati na Manyara.

Pima hivi: tia punje na chumvi kavu katika chupa kavu, tikisa, ngoja robo saa. Chumvi ikinata chupani, anika tena. Yenye ukungu yatupe; usiyapikie pombe wala kulishia kuku.