Mchezo wa hadithi mezani: namna ya kuuongoza kwa mara ya kwanza

Vijana wa familia zilizohama na vijana wa kijiji wanapogombana kwenye bomba la maji, mara nyingi viongozi huitisha kikao. Kila upande huja na malalamiko yake, na hurudi nayo nyumbani. Kikao ni kizuri, lakini si njia pekee. Kuna njia nyingine isiyohitaji fedha wala umeme: watu wachache huketi pamoja na kucheza hadithi.

Makala hii ni kwa kiongozi, mzazi au kijana ambaye hajawahi kuongoza mchezo kama huu. Unaweza kuuongoza ukiwa kambini, kwa familia iliyokupokea, au baada ya kurudi kijijini kwako.

Mchezo huu ni nini?

Ni hadithi inayosimuliwa na watu kadhaa kwa pamoja. Mmoja ni mwongozaji. Yeye hueleza mahali na mambo yanayotokea. Kila mmoja wa wengine huchukua nafasi ya mtu mmoja katika hadithi, na kusema mtu huyo anafanya nini. Pale ambapo haijulikani kama atafaulu, dadu huamua. Wachezaji wanabaki wameketi, na hakuna mshindi wala mshindwa.

Inashangaza kwamba michezo hii ilizaliwa kutokana na michezo ya vita. Huko Marekani watu walicheza vita mezani kwa askari wadogo wa kuchezea, na kila mchezaji aliongoza jeshi. Mwaka 1969, katika jimbo la Minnesota, David Wesely alitayarisha mchezo ambao baadhi ya wachezaji hawakupewa jeshi. Walipewa nafasi za watu wa mji, kama vile mkuu wa mji. Yeye alidhani mchezo umeharibika, lakini wachezaji wakaomba mwingine. Mmoja wao, Dave Arneson, aliendeleza wazo hilo, na mwaka 1974 yeye na Gary Gygax walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons, ambao umejulikana duniani kote.

Badiliko hilo linatufaa sisi: kuacha kuamuru jeshi, na kuwa mtu mmoja mwenye majirani.

Vitu vinavyohitajika

- Wachezaji 3 hadi 5, na mwongozaji. Wakizidi, fanyeni makundi mawili.
- Karatasi, kalamu, na muda wa saa mbili hivi.
- Dadu mbili. Kama hakuna, andika namba 1 hadi 6 kwenye vipande sita vya karatasi na uvitie ndani ya kikombe. Vuta kimoja, kirudishe, vuta tena, kisha jumlisha.

Kwanza, kubalianeni

Usiruke hatua hii. Wengi wetu tumeona mambo mazito, na hadithi inaweza kugusa kidonda.

1. Kijiji cha hadithi ni cha kubuni. Kipeni jina ambalo halifanani na mahali popote mnapopajua. Msitaje kabila, kundi la wapiganaji, wala mtu wa kweli.
2. Uliza kila mtu ni mambo gani yasiingie katika hadithi, kwa mfano ubakaji au kuchomwa kwa nyumba. Yaandike. Usiulize kwa nini.
3. Weka katikati karatasi yenye alama ya X. Yeyote akiigusa, mwongozaji anaondoa jambo lililotajwa na hadithi inaendelea. Hatoi maelezo. Njia hii ilibuniwa na John Stavropoulos wa Marekani. Mwongozaji aiguse yeye kwanza, ili wengine wasione haya.

Mchezo huu si tiba. Mtu akilia, akitetemeka au akinyamaza ghafla, simamisheni mchezo. Mtu anayemwamini akae naye, na kama kuna mshauri au mhudumu wa afya karibu, msindikizeni kwake.

Kuwapa watu nafasi

Tayarisha mahali, watu na tatizo. Kwa mfano: ni kiangazi, familia nyingi zimewasili kijijini, na kisima kilichobaki na maji ni kimoja tu. Wahusika wanaweza kuwa mwenye shamba lenye kisima, msichana mchota maji, fundi wa pampu, mama muuza ndizi, na katibu wa kamati ya wageni.

Kila mchezaji aandike jina la mhusika wake, jambo analolijua vizuri, jambo analolihitaji, na mtu anayemtegemea. Ikiwezekana, aliyehama achukue nafasi ya mwenye shamba, na mwenyeji achukue nafasi ya mgeni.

Kanuni ya dadu

Mhusika anapojaribu jambo gumu, tupa dadu mbili na ujumlishe. Kama ni jambo analolijua vizuri, ongeza 1.

- 10 au zaidi: anapata anachotaka.
- 7 hadi 9: anapata, lakini kuna gharama.
- 6 au chini: hapati, na ugumu mpya unatokea. Hadithi haisimami.

Hatua hizi tatu zimetoka katika mchezo Apocalypse World wa mwaka 2010. Dadu mbili zina njia 36 za kuanguka. Kabla ya kuongeza chochote, njia 6 tu huleta 10 au zaidi, 15 huleta 7 hadi 9, na 15 huleta 6 au chini. Kwa hiyo ni mara chache mtu kupata kila kitu bila kutoa kitu. Wachezaji wataliona hilo wenyewe.

Mfano

Mwongozaji: Ni alfajiri. Mlango wa kisima umefungwa kwa mnyororo, na mwenye shamba amesimama hapo. Unafanya nini?

Msichana: Ninamsalimia. Ninasema, «Shikamoo mzee. Mdogo wangu anaharisha tangu jana. Ninaomba bidoni moja tu.»

Mwongozaji: Mzee, unajibu nini?

Mwenye shamba: «Ninakuhurumia, binti yangu. Lakini nikikufungulia leo, kesho watakuja wote, na mboga zangu zitakanyagwa.»

Mwongozaji: Binti, tupa dadu. Ni 8. Anafungua, lakini kuna gharama. Mzee, unataka nini?

Mwenye shamba: «Kamati yenu ilete mtu wa kusimamia zamu.»

Mwongozaji: Katibu, uko wapi wakati huu? Unafanya nini?

Hapo mwongozaji hakutoa hotuba. Aliuliza tu.

Makosa ya mwongozaji mpya

Kosa kubwa ni kupanga mwisho mapema. Ukiisha kuamua kwamba wote watapatana, wachezaji watakuambia unachotaka kusikia, na hamtajifunza kitu.

Kosa lingine ni kumwachia mmoja aseme peke yake. Mgeukie aliye kimya na kumwuliza mhusika wake yuko wapi.

Na mchezaji akitaka kupiga? Usimgombeze. Mwulize, «Unataka kupata nini?» Mweleze hatari kabla ya kutupa dadu. Kisha hadithi ifike kesho yake: nani atakutengenezea pampu sasa?

Kumaliza

Kila mmoja aweke nafasi yake chini kwa maneno: «Mimi si mwenye shamba tena, mimi ni mimi.» Hii inazuia maneno ya mezani yasimfuate mtu njiani. Neno gumu lililosemwa na mhusika lisichukuliwe kuwa la mchezaji.

Kisha zungumzeni:

- Ulipokuwa katika nafasi ya mwingine, uliogopa nini?
- Ni gharama gani ulikubali kulipa, na ni ipi uliikataa?
- Kuna jambo moja la hadithi hii tunaloweza kujaribu kwenye bomba letu?

Kama jibu la swali la mwisho ni zamu ya asubuhi tu, lipelekeni kwa kamati. Hilo linatosha kwa siku ya kwanza.