Kwezi wa miombo: usianze na rangi



Nilipokwenda likizo Tabora, mjomba alinipeleka porini tukatazame ndege. Tukaona kundi la kwezi, buluu tupu inayometameta. Mimi na darubini yangu nikasema, "Hao ni kwezi masikio-buluu wakubwa." Mjomba akacheka: "Wa mjini hawalii hivi, mjomba."

Kweli nilikosea, kwa sababu nilianza na rangi. Buluu ile inatokana na jinsi mwanga unavyogonga tabaka nyembamba mno ndani ya unyoya. Jua likigeuka, kijani inakuwa buluu, na kivulini ndege yule yule anaonekana mweusi. Basi tazameni haya:

1. Umbo. Kwezi wa miombo ni mdogo, kama sentimita 19 hivi. Mkubwa anafika 22 au zaidi.

2. Shavu. Doa la giza nyuma ya jicho ni pana kwa mkubwa. Kwa wa miombo ni jembamba, karibu na mstari.

3. Sauti. Mkubwa analia kwa puani, anavuta kama mtu anayelalamika. Wa miombo ana mlio mfupi wa haraka, hasa akiruka.

4. Vijana wao. Huu ndio ushahidi mzito. Wa miombo wakiwa wadogo wana tumbo la kahawia-nyekundu. Wa yule mkubwa ni kijivu kama masizi. Kundi letu lilikuwa na wawili wa kahawia, nami sikuwajali!

Jicho la njano lisikudanganye, wote wanalo.

Mtauliza, kuna haja gani? Kwezi mkubwa anaishi kwingi, tangu Senegal hadi Afrika Kusini, hata mijini. Wa miombo anategemea misitu ya miombo, na anataga kwenye matundu ya miti. Tabora miti hiyo inakatwa kwa mkaa na kwa kukaushia tumbaku. Tukiwaandika wote "kwezi mkubwa", huyu mdogo anaweza kutoweka mahali na madaftari yetu bado yakasema kwezi wapo tele.

Mimi langu nimeshalisahihisha. Ukienda nyumbani, sikiliza kwanza ndio utazame. Na kama kuna mzee pembeni, muulize kabla hujajifanya mtaalamu.