Mbwa Mdogo: Je, Upasuaji Kadhaa Unaweza Kufanywa kwa Siku Moja?

Wengi wanaofuga mbwa wadogo huuliza iwapo daktari anaweza kumfunga mbwa kizazi, kurekebisha ngiri ya kitovu na kung'oa meno ya utotoni yaliyokataa kutoka, yote kwa siku moja. Inawezekana, mradi mbwa awe na afya njema. Atapewa nusukaputi mara moja tu, atauguza vidonda kwa wakati mmoja, na gharama itapungua.

Hata hivyo, kadiri upasuaji unavyorefuka ndivyo hatari inavyoongezeka. Mwili mdogo hupoteza joto upesi, na sukari ya damu inaweza kushuka. Ndiyo maana daktari humpima mbwa kwanza, na muda ukizidi huahirisha kazi isiyo ya dharura. Meno yaliyooza sana mara nyingi hutengewa siku yake, kwani viini vya kinywani vinaweza kuambukiza kidonda kipya.

Wakazi wanahimizwa kumtumia daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Kenya Veterinary Board, na kumuuliza mapema saa ya mwisho ya kumlisha mbwa. Mtoto wa mbwa asilazwe njaa usiku kucha bila ushauri. Pia wabebe kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa.