Meno 60 ya kaseti ya manjano

Ukikutana na kaseti ya gemu ya zamani kwenye meza ya fundi wa redio pale Wote au Mwingi, igeuze uitazame chini. Utaona ukingo wa bamba la saketi wenye meno ya rangi ya shaba, 30 upande huu na 30 upande wa pili. Kaseti ambazo Nintendo iliwauzia watoto wa Marekani na Ulaya zilikuwa kubwa zaidi na zilikuwa na meno 72. Zenye 60 ni za umbo la Famicom, mashine iliyoanza kuuzwa Japani tarehe 15 Julai 1983 kwa yeni 14,800.

Basi kijana wa Kibwezi aliyemrusha Mario juu ya mabomba miaka ya 90 alishika kitu cha Kijapani zaidi kuliko alichoshika mwenzake wa Chicago. Hakuna aliyemwambia. Sandukuni hapakuwa na jina la Nintendo, na hata kama lingekuwapo, lisingekuwa la kweli.

Famicom ilibuniwa Kyoto na kikosi cha mhandisi Masayuki Uemura, aliyefariki Desemba 2021. Haikuchukua miaka mingi kabla ya viwanda vya Taiwan, Hong Kong na baadaye China bara kuinakili, na wanakili hao walishika vipimo vya Japani, meno 60 na yote. Fungua parafujo za mashine moja ya hizo, ile tuliyoiita TV game tu, na utashangaa jinsi ilivyo tupu. Kuna kibamba kidogo, nyaya chache, kipande cha bati cha kupoza kidhibiti cha volti 5, na katikati tone jeusi la gundi ngumu, pana kama sarafu. Chini ya tone hilo ndiko akili yote ya Famicom ilikobanwa. Mafundi hawalipendi. Halina namba, halibanduki, na likifa limekufa.

Safari ya mashine hiyo hadi Ukambani ilikuwa ya kuzunguka, kama ya bidhaa nyingine nyingi. Kontena lilishushwa Mombasa, lori likapita Mtito Andei, Kibwezi, Makindu na Emali bila kumshushia mtu chochote, mzigo ukaenda kufunguliwa Nairobi, kwenye maduka ya elektroniki ya Luthuli na kwingineko. Kisha mashine ikarudi njia ile ile kwa basi, ndani ya mfuko wa mjomba anayekuja Krismasi, bei ikiwa imeshapanda. Makueni imelipia safari za namna hii tangu zamani.

Nyumbani nako stima ilikuwa hadithi ya mjini. Mradi wa kusambaza umeme hadi mashinani, ule wa Last Mile, ulianza 2015, wakati watoto hao wameshakuwa wazazi. Waliocheza kijijini walitegemea runinga ndogo ya Great Wall isiyo na rangi na betri ya gari iliyochajiwa sokoni. Mario wao alikuwa wa kijivu. Na baba akitaka taarifa ya habari saa moja, betri ilikuwa ya baba.

Kaseti zenyewe zilijaa uongo mtamu. Ya manjano iliyoandikwa kwamba ina gemu 9999 ilikuwa nazo chache sana. Zilizobaki ni zile zile zikirudiwa kwa jina jingine, Mario akianzia hatua ya mbele au Contra ikianza na silaha tofauti. Lakini hizo chache zilitosha. Super Mario Bros. ya 1985 nzima ina kilobaiti 40, chini ya picha moja unayotumiwa leo kwenye simu, na imekula likizo nyingi za Agosti. Battle City ya Namco, ile ya vifaru, ilipendwa kwa sababu iliwaruhusu ndugu wawili kulinda ngome moja na kulaumiana ikilipuliwa. Zote hazikudai kusoma. Dragon Quest III ya 1988, iliyowapanga Wajapani foleni madukani, haikutugusa: imejaa maandishi ya Kijapani, na asiyeyasoma hatoki kijiji cha kwanza.

Siku hizi mwenye mshahara na kumbukumbu anaweza kuagiza Famicom halisi kutoka Japani. Aagize kwa tahadhari. Adapta yake inataka volti 100, na soketi ya Kitui inatoa 240. Ukichomeka bila transfoma ya kupunguza utasikia harufu kabla ya muziki. Halafu ipo shida ya mawimbi, na hii kila aliyenunua gari la mtumba kutoka Japani anaijua bila kujua kwamba anaijua. Redio ya gari hilo mara nyingi inakomea megahezi 90, ndiyo maana huipati Musyi FM hadi fundi aongeze kifaa. Japani, juu ya 90 palianzia chaneli ya kwanza ya runinga, na Famicom ya 1983 inarusha picha kwenye chaneli hiyo au ya pili. Hapa kwetu masafa hayo ni ya redio, kwa hiyo runinga nyingi zetu hazina pa kuinasia. Afadhali utafute toleo la Desemba 1993, lenye waya za AV.

Hata hivyo, kwangu mimi, kifaa chenye haki ya kuwekwa kabatini Ukambani ni ile feki. Warusi wanaienzi Dendy yao, nakala ya Famicom iliyoingia sokoni 1992. Wapoland wana Pegasus, Waafrika Kusini wana Golden China. Zote ni haramu kwa macho ya Nintendo, na zote zimeshakuwa historia ya watu. Yetu inapimwa kwa kilo na wanunuzi wa vyuma chakavu.

Anayetaka kuanza kuihifadhi asianze na kaseti. Aanze na runinga yenye mgongo, zile zilizoanza kutupwa mitambo ya analogi ilipozimwa 2015. Bunduki ya Duck Hunt, gemu ya kuwinda bata, haifanyi kazi kwenye skrini bapa. Ukivuta kifyatulio, picha hugeuka nyeusi kwa kufumba na kufumbua, bata akawa mraba mweupe, na jicho la bunduki linasubiri mwanga huo papo hapo. Skrini bapa huchelewa, bata akapona kila mara. Runinga hiyo ni nzito na nyumbani watanung'unika, ila fundi atakuachia kwa bei ya chuma. Mwambie aiwashe kwanza uone kama picha inajaa kioo chote, na usiondoke bila kujaribu tundu la antena.