Rekodi Saba za Vita vya Majini Zilizowekwa Kwetu

Kila asubuhi maelfu ya watu huvuka kwa kivuko kutoka Kigamboni kwenda Magogoni. Wengine hutoka Mbagala na Temeke kwa daladala, na wa upande wa Kinondoni hupita barabara ya Bagamoyo. Njia zote hizo zinapita kwenye historia ya vita vya majini ambayo shuleni hutajwa kwa mistari miwili. Rekodi saba zifuatazo ziliwekwa kwenye maji na ardhi yetu, na kila moja ina jambo la kutuambia juu ya nani hukumbukwa na nani huachwa.

1. Vita fupi kuliko zote duniani

Tarehe 27 Agosti 1896, saa 3:02 asubuhi, manowari za Waingereza zilifungua mizinga dhidi ya kasri la Sultani mjini Unguja. Kufikia saa 3:40 mambo yalikuwa yamekwisha. Chanzo kilikuwa Khalid bin Barghash kukalia kiti cha usultani bila ridhaa ya London. Upande wake waliuawa na kujeruhiwa watu wapatao 500, na upande wa pili baharia mmoja tu ndiye aliyeumia vibaya. Meli ya Sultani, Glasgow, ilizamishwa pale pale bandarini, na kwa miaka mingi milingoti yake ilibaki imechomoza juu ya maji. Khalid mwenyewe alikimbilia kwa Wajerumani, akaletwa Dar es Salaam na kuishi hapa hadi Waingereza walipomkamata wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

2. Ushindi wa kwanza wa majini katika Vita Kuu

Mara nyingi ushindi wa kwanza wa majini wa Waingereza katika vita ile hutajwa kuwa ule wa Ziwa Nyasa, tarehe 13 Agosti 1914. Meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu ikitengenezwa, mahali ambapo leo ni Liuli, mkoani Ruvuma. Nahodha Mwingereza Rhoades akaja na meli yake, Guendolen, akaipiga kwa mzinga. Nahodha Mjerumani, Berndt, rafiki yake wa miaka ya amani, alimfuata kwa mtumbwi akifoka, kwani habari za vita zilikuwa bado hazijamfikia. Alichukuliwa mateka papo hapo.

3. Tendo la kwanza la baharia kupata nishani ya Victoria katika vita ile

Hili lilitokea hapa kwetu, kwenye lango la bandari ambalo kivuko hulivuka. Tarehe 28 Novemba 1914 Kamanda Henry Peel Ritchie wa manowari Goliath aliingia bandarini na mashua ya mvuke kuharibu injini za meli za Kijerumani zilizojificha ndani. Ukimya wa mji ulimtia wasiwasi. Akachukua matishali mawili ya chuma, akayafunga ubavuni mwa mashua yake, moja kila upande, yawe ngao. Tahadhari hiyo ndiyo iliyookoa watu wake. Wakati wa kutoka, risasi zilimiminika kutoka kingo zote mbili za mlango ule mwembamba. Ritchie alijeruhiwa mara nane katika muda wa dakika kama 25, akishikilia usukani hadi alipozirai. Hakuna tendo la baharia wa Uingereza lililotangulia hilo kwa tarehe kati ya yale yaliyopata nishani ya Victoria katika vita ile.

4. Mapambano ya miezi minane dhidi ya manowari moja

Miezi miwili kabla ya tukio hilo la Ritchie, tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuwa imeizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja na kuua mabaharia zaidi ya 30. Kisha ikajificha kwenye mikono ya Mto Rufiji. Iligunduliwa mwishoni mwa Oktoba, na ikawachukua Waingereza zaidi ya miezi minane kuimaliza. Walileta ndege na manowari mbili zisizozama sana majini, Severn na Mersey, na tarehe 11 Julai 1915 Wajerumani wakaizamisha wenyewe. Lakini mizinga yake 10 iliopolewa kutoka kwenye matope, ikatengenezewa magurudumu Dar es Salaam, ikaendelea kupigana nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, na mwingine Pretoria. Mwingine tena ulipelekwa Kigoma kufungwa kwenye meli tutakayoitaja hivi punde.

5. Safari ya ajabu kuliko zote ya manowari nchi kavu

Ili kuwashinda Wajerumani kwenye Ziwa Tanganyika, Waingereza walisafirisha boti mbili, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town hadi ziwani: kwa treni, kisha kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe kuvuka milima ya Mitumba huko Kongo, kisha kwa mto, kisha treni tena. Jumla ni zaidi ya kilomita 4,000. Madaraja zaidi ya 100 yalijengwa njiani ili boti zipite. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 kikosi cha boti hizo kikaizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann. Kiongozi wao, Geoffrey Spicer-Simson, alipata umaarufu kiasi kwamba inasimuliwa Waholoholo wa ufukwe ule walifinyanga sanamu zake. Ulaya zilitajwa boti zake mbili. Watu waliokata miti, waliovuta kamba na waliojaza mawe kwenye mabonde hawakutajwa.

6. Meli kongwe ya vita ambayo bado ni yetu

Graf von Goetzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikavunjwa vipande, ikafungwa kwenye makasha yapatayo 5,000 na kuletwa Dar es Salaam. Kutoka hapa ilisafiri kwa Reli ya Kati hadi Kigoma, ambako fundi wa meli Mjerumani Anton Rüter na wenzake, mafundi wa Kihindi na vibarua wa Kiafrika waliiunga upya. Iliingia majini mwaka 1915. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, lakini kwanza waliipaka injini grisi nzito isipate kutu. Uangalifu huo ulilipa: mwaka 1924 iliopolewa, na mwaka 1927 ikaanza upya kwa jina la Liemba. Inatajwa kuwa chombo cha mwisho cha jeshi la majini la Kaiser kilichoendelea kufanya kazi. Na kazi yake kubwa haikuwa ya vita. Mwaka 1997 ilirudisha nyumbani wakimbizi zaidi ya 75,000 wa Kongo. Ziwani hakuna mnara unaoizidi.

7. Mzigo mkubwa kuliko wote

Kandokando ya barabara ya Bagamoyo, Kinondoni, yako makaburi ya vita ya Dar es Salaam. Yalianzishwa mwaka 1968, pale makaburi 660 ya Barabara ya Ocean yalipohamishwa kupisha barabara mpya. Wazungu walikuwa na mawe yenye majina yao. Waafrika, Wakristo na Waislamu, hawakuwa na alama za kila mmoja, kwa hiyo walizikwa upya kwenye makaburi ya pamoja, kila moja likiwa na ukuta mmoja wa kumbukumbu kwa kundi zima.

Kuta hizo ndizo zinazobeba rekodi ya saba. Katika kampeni ya Afrika Mashariki, Waingereza peke yao waliandikisha wapagazi wanaokaribia au kuzidi milioni moja. Hesabu rasmi ya waliokufa ilifika kama 95,000, wengi wao kwa njaa, malaria na kuhara damu. Mizinga ya Königsberg, makasha ya Goetzen na boti za Spicer-Simson vyote vilipita mikononi na vichwani mwa watu wa aina hiyo. Mwaka 2021 taasisi ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi hayo ilikiri na kuomba radhi kwamba maelfu kwa maelfu ya Waafrika na Waasia waliofia vita ile hawakuenziwa sawa na wenzao.

Kuomba radhi ni mwanzo. Mnara wa Askari pale katikati ya mji, uliozinduliwa mwaka 1927, angalau humwonyesha Mwafrika akiwa na bunduki. Aliyebeba kasha hana sanamu pale. Mahali panapofaa zaidi kumwekea sanamu ni Kigoma, ufukweni, karibu na Liemba, na kazi yenyewe ianze na majina: daftari za wapagazi zitakazopatikana kwenye hifadhi za nyaraka za Tanzania, Kenya na Uingereza, pamoja na kumbukumbu za familia za Rufiji, Tabora na Ruvuma ambazo bado zinajua babu yao alichukuliwa mwaka gani na hakurudi. Kinondoni nako waweke bamba kwenye kuta zile lenye kila jina litakalopatikana. Ritchie amelipwa sifa yake, na aliistahili. Waliobeba vita nzima begani wanatudai yao, na tunaweza kuanza kulipa sasa.